Koki Uliyonitumia

Mabawe, Ngara

Kwako kaka yangu Frednand,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Irine na watoto hamjambo huko Dar, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimepungua. Sisi huku, ukitaka nikujibu kwa adabu, tunamshukuru Mungu. Ukitaka nikujibu kweli, kaka, nyumba yetu imevunjika, na mimi sioni namna ya kuisimamisha.

Utashangaa mtu kukuandikia barua siku hizi wakati simu tunazo. Kwenye simu siwezi. Mama akisikia ni wewe husogea na kigoda chake, anataka niweke sauti kubwa, na ujumbe wako wa sauti anaurudia mpaka chaji inakwisha. Kwa hiyo hii nampa Wiston, yule dereva wa basi wa Kabanga, akukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma, ichome. Lakini kwanza imalize.

Nianze na koki. Uliponitumia ulinicheka, ukasema dereva mzima kila akibadilisha oili anatambaa chini ya gari kama mjusi, spana mdomoni. Haya, nikaifunga mwenyewe kwenye Probox. Nikafungua nati ya sampo, ile inayoziba tundu la kutolea oili, nikaitupa kwenye kopo la misumari, nikakaza koki yako mahali pake. Nilifurahi, sikufichi. Unapitisha mkono tu chini ya gari, unainua kile kimkono cha koki, unakizungusha, oili inashuka kwenye beseni bila spana wala jasho. Kufunga ndiko kunataka akili kidogo: unakirudisha mpaka kidumbukie kwenye kishimo chake, usikie “ta”. Kisipodumbukia, gari likipiga mashimo kinaweza kujifungua. Hilo nililijua mimi. Sikumfundisha mtu, maana pale nyumbani nani mwingine anabadilisha oili?

Siku hiyo majirani walijaa uani kutazama. Mama naye alikaa kwenye kigoda, akasema kwa Kihangaza kwamba kumbe siku hizi hata gari linakamuliwa kama ng'ombe. Tulicheka wote, hata shemeji yako Joyness na tumbo lake lile.

Hujasahau kwamba huku kwetu oili chafu haimwagwi. Mchwa wa Mabawe hawana huruma, nguzo isiyopakwa oili haimalizi masika. Ng'washi alikuja na dumu kwa ajili ya nguzo za zizi lake, wengine wakaja na makopo, beseni likaisha. Mama aliniomba sehemu yake apake msalaba wa baba, kwa sababu mchwa walikuwa wameanza kuula kwa chini. Nilimjibu asubiri zamu nyingine, huku nafuta mikono, wala sikumtazama. Kisha nikafunga koki, nikamimina oili mpya, nikapima ikafika alama.

Kesho yake tukaanza safari ya Biharamulo. Unajua Joyness alimzaa Secilia wetu kwa kisu kule kule kwao, na safari hii daktari alimwambia aende mapema, asisubiri uchungu. Tuliwahi, kaka. Hakuna atakayesema tulichelewa. Mama alitusindikiza mpaka kwenye gari, akachora ishara ya msalaba kwenye boneti.

Tulipoipita Nyakahura, ndani ya msitu, uchungu ukamshika. Nikaongeza mwendo. Ile taa ya oili ya kwenye dashibodi ilikufa tangu nilipolinunua gari, kwa hiyo halikunionya kitu. Nilisikia tu injini inagonga, inagonga, halafu ikakaza, gari likasimama. Nikachomoa kijiti cha kupimia, kikavu. Nikalala chini, nikakuta kimkono cha koki kimefunguka na tumbo lote la gari limelowa oili. Sikuwa na oili nyingine, na hata ningekuwa nayo, injini ilikuwa imeshakufa.

Joyness nilimlaza kwenye kitenge kando ya lami. Nilisimama katikati ya barabara nikipunga shati langu, na malori yakanikwepa yakaenda zake. Yamkini walidhani ni majambazi. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwisho lori la saruji likasimama. Tulipofika Biharamulo madaktari walifanya kila kitu, siwezi kuwalaumu. Mtoto wa kiume alitolewa, mzima wa viungo vyote, ila hakulia. Nilikuwa nimeshampa jina la baba.

Watu wa msibani wananiambia kazi ya Mungu haina makosa. Wananiambia maji yakimwagika hayazoleki. Jamani! Nilitamani kumtwanga mtu ngumi. Mimi nilikuwa na jibu langu, na nilimpa kila mtu, na wewe nikakupa kwenye simu: koki ya Frednand ililegea. Maneno niliyokutamkia siku ile hayatamkwi kwa ndugu wa tumbo moja. Niwie radhi. Wakati ule niliamini ndivyo.

Joyness tangu arudi haongei. Neno moja tu alilisema, mbele ya wanawake waliokuja kumpa pole: kwamba kama kuna mkono wa mtu uliogusa gari lile, hatakula naye chungu kimoja mpaka anaingia kaburini. Alilisema taratibu bila machozi. Na anayempikia uji ni mama. Anayemkanda kwa maji ya moto ni mama. Maziwa yakimjaa kifuani na hakuna wa kunyonya, ni mama anayekaa naye wakalia pamoja. Bila mama, Joyness naye ningeshamzika.

Sasa sikiliza. Mtoto tulimzika nyumbani kwenye migomba, ubavuni mwa baba. Katekista akiwa anasali niliinamisha kichwa, macho yakaangukia msalaba wa baba. Ulikuwa umepakwa oili. Oili chafu inaacha ubao mweusi kama sufuria la kuni, hilo unalijua. Msalaba ule ulikuwa unang'aa, ubao na rangi yake, jina la Novatus linasomeka vizuri. Nikapitisha kidole, nikanusa. Ilikuwa oili mpya. Ilikuwa oili ya gari langu.

Niliung'ang'ania msalaba ule, watu wakaniondoa wakidhani ni uchungu wa mtoto. Walipotawanyika nikamuuliza mama polepole nani kaupaka msalaba. Kaka, alitabasamu. Akasema ni yeye. Kwa kuwa beseni lilikuwa limeisha, asubuhi ya safari, mimi nikiwa naoga, alijilaza kwenye gunia, akainua kile kimkono, akakamua kikopo kimoja tu, halafu akakirudisha. Akaniomba nisikasirike, kwa kuwa alichukua kidogo na nyingine yote akaliachia gari. Nikamwambia hujakosea, mama. Nikamwambia asimwambie mtu, wasije majirani wakaanza kuomba oili mpya. Akacheka, akasema hata Joyness hatamwambia.

Hajaunganisha kikopo chake na kifo cha mtoto. Kwake gari ni ng'ombe, ukikamua kidogo linajaza. Siku akiunganisha atakufa, kaka, huyu mama yetu tunamjua. Na Joyness akijua, nitabaki na wanawake wawili ndani ya nyumba moja, mmoja hawezi kuishi, mwingine hawezi kusamehe.

Basi ndiyo hivyo. Koki yako haikuwa na kosa, lala usingizi. Lakini nakuomba, kwa jina la baba yetu, endelea kuwa mkosaji. Joyness akikupigia akakutukana, pokea, usijitetee. Kosa ningelibeba mwenyewe, ningesema nilisahau kufunga, ila Joyness alikuwa amesimama pale nilipokuwa nafunga, na “ta” aliisikia. Hakuna mwingine wa kubebeshwa ila wewe uliye mbali. Najua ninachokuomba ni dhuluma. Sina akili nyingine, nimefikiri mpaka kichwa kimechoka.

Koki nimeing'oa, nati ya zamani nimeirudisha, ingawa gari lenyewe haliwaki na sijui kama litawaka tena. Lilivutwa mpaka nyumbani, linakaa uani, kuku wanalala chini yake.

Secilia anakusalimu, anauliza lini utakuja. Joyness sijamwambia kama nakuandikia. Msalimie sana shemeji Irine, na watoto uwapakate kwa niaba yangu.

Mama naye anakusalimu. Anasema usijitese, anajua hukukusudia, amekusamehe toka moyoni, na kila akisali rozari anakutaja ili Mungu naye akusamehe. Atakupigia mwenyewe akuambie. Usikate simu, kaka. Mwambie asante, mama.

Ni mimi mdogo wako,
Venance