Kundi la Kwanza Kuzimwa

Azaiba, 11 Juni 2008

Kwako Nahashon,

Salamu. Mimi ni mzima, ila Stacy mwenzangu wa chumbani si mzima. Nakuandikia kwa sababu simu yako sitaishika. Nikiisikia sauti yako leo nitatukana, na mama hakunilea hivyo. Peninah wa kanisani atakuletea barua hii.

Jana mchana umeme ulikatwa tena bwenini kwetu. Unajua tunafua nguo za hoteli usiku, tunalala mchana. Jua la saa nane, AC ikanyamaza. Stacy alizirai, na sasa yuko hospitali kwenye dripu. Mlinzi anasema si hitilafu, ni zile mita mpya zinazozimwa kutoka ofisini kwenu, kampuni ya umeme. Niambie ni nani aliyetuchagua.

Dada yako,
Maureen

Hail, 13 Juni 2008

Dada mpendwa,

Pole sana, na umfikishie Stacy pole zangu. Mimi sijambo.

Ni mimi. Mita hizi ni za majaribio. Mchana kila nyumba inawasha AC, na nyaya zikizidiwa mtaa mzima unazimika. Kwa hiyo kompyuta inazima majengo machache ili mengine yasalie. Nilipewa kazi ya kupanga kundi la kwanza. Mabweni ya wafanyakazi yanaonyesha matumizi madogo mchana, nikadhani wote mko kazini.

Bweni lenu nimeshalitoa. Hamtazimwa tena.

Mdogo wako,
Nahashon

Azaiba, 20 Juni 2008

Nahashon,

Hujambo? Sisi tuna baridi sasa, asante. Stacy amerudi, miguu bado haina nguvu.

Matumizi ni madogo kwa sababu tajiri wetu ametufungia AC moja watu sita. Kompyuta yako imeona umaskini ikasema nyumba ni tupu. Nawe uliyelala bweni kama hili mwaka mzima ukaiamini.

Na ulipomtoa dada yako, ulimweka nani? Ng'ambo ya barabara wanalala Wabangladeshi wanaofagia soko la Matrah usiku. Siku hizi wanazimwa wao, mara mbili kwa siku. Wanalala kwenye kivuli cha ukuta huku sisi tumejifunika blanketi. Nimeona aibu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wewe njaa uliijua. Upendeleo wako siutaki. Watoe wote.

Maureen

Hail, 2 Julai 2008

Dada,

Hujambo? Stacy anatembea? Mimi mwili ni mzima.

Nilimwendea bosi wangu, Injinia Marhoon, nikamweleza yote. Si mtu mbaya, hata chai aliniagizia. Akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja walichorudi nacho Waarabu wa huku, "Lazima mtu azimwe, Nahashon. Nkizima majumba ya wakubwa, simu ntapokea mie. Hao wa mabwenini hawapigi simu."

Maneno hayo yalinichoma. Jana niliyatoa mabweni yote. Kundi la kwanza nikaweka barabara ya wakubwa, na jengo la ofisi yetu. Saa saba AC zikanyamaza na simu zikaanza kulia. Marhoon akatoka chumbani kwake kanzu imemlowa jasho, akauliza nani kafanya haya. Nikasema ni mimi. Akaniomba kitambulisho changu cha kazi.

Viza yangu iko mikononi mwao, na huenda wiki hii nikapandishwa ndege ya kurudi nyumbani. Nina hasira kuliko wewe, kwa sababu aliyekaa kwenye kiti changu leo anaweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mkizimwa tena, ujue si mimi. Nambari ya simu ya mezani kwa Marhoon nimeiandika nyuma ya bahasha. Pigeni nyote, na wale wa ng'ambo muwape.

Mdogo wako,
Nahashon