Kiti cha Mwalimu Wenceslas

Goma, Mapendo
Tarehe 22 mwezi wa tisa 2024

Mpendwa Baba mudogo Wenceslas,

Ninakusalimia sana, mimi mutoto wa kaka yako. Uko aje na mwili? Ule mugongo uliokusumbua tangu mulipolala chini kule kambini Uganda, umepoa kidogo? Chakula munapata? Hapa tunakutaja kila jioni kwenye sala, na mimi pia ninakutaja, hata kama ukimaliza kusoma barua hii utasema ni uongo.

Sisi tunapumua. Mama mudogo Marcelline ni muzima, anauza makala ya kupikia mbele ya mulango kama zamani. Jephté wako amerefuka, suruali ya masomo inamuishia karibu na magoti. Mabomu tunayasikia upande wa Sake, siku zingine mbali, siku zingine karibu, na watu wamezoea mpaka wanaendelea kusukana nywele. Maji yanakosekana, vumbi haikosekani.

Nilitaka nikuandikie habari za nyumba tu. Lakini kuna jambo, na njo lilifanya ninunue karatasi. Kwa simu ningelia ao ningekutukana, na vyote viwili si heshima kwa mutu aliyenilipia masomo mpaka diploma.

Unakumbuka namna ilianza. Mwezi wa sita 2022 ulienda Bunagana kuchukua bidhaa za Mama Marcelline, vita ikakufungia njia, ukavuka mupaka pamoja na watu wengine. Direkta Bagalwa akakuja hapa nyumbani, akaomba nishike darasa lako la mwaka wa sita pale shuleni Murara mpaka mutihani, wiki tatu tu. Nilikuwa nimekaa bure na diploma yangu ndani ya sanduku, nikaruka kwa furaha. Wiki tatu ndiyo hizi zimekuwa miaka miwili na zaidi.

Ulinambia kwa simu kama kushikilia kiti cha mwenzako ni kazi yenye baraka. Baba, nimezitafuta hizo baraka. Ukitoa ile moja nitakayokuambia chini, zilizobaki zote zilipitia kwenye mulango wako. Mwaka jana, siku ya kutangaza matokeo, mzazi mumoja alileta jogoo na sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akauliza nyumba ya mwalimu Wenceslas. Wakamuelekeza Mapendo, kwa Mama Marcelline. Jogoo alipikwa, mimi nikapewa shingo. Mshahara unatoka kwa jina lako, yeye anaukamata, ananikatia kile moyo wake unamwambia, na kuna mwezi moyo ulimwambia vipande viwili vya sabuni. Wazazi wapya wanafikiri mimi ni muke wako. Watoto wao wananiita Madame Wenceslas, na nimechoka kukataa.

Wazee wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu imegeuka: asiyekuwepo njo anakula, na aliyepo anafuta tablo.

Sinyatire yako, sahihi yako, nimejifunza mpaka naiandika vizuri kuliko yangu. Bagalwa alisema kwenye buletini za matokeo na kwenye rejista lazima likae jina lako, kwa sababu langu haliko kwenye listi ya serikali. Nikakubali. Watoto mia moja na kumi na wawili, karibu nusu yao wadeplase waliokimbia vita, wengine wamekalia mawe ya volkano na daftari kwenye mapaja, na kila juma ninawaandikia jina la mutu ambaye hawajamuona hata siku moja.

Sasa nikuambie ile baraka moja ya kweli. Ni mutoto anaitwa Daniella, wa Rutshuru, anaishi kambini na mama yake, Nyiramahirwe. Alifika kwangu amepoteza miaka miwili ya masomo, anaogopa hata kuinua kidole. Mwezi wa kumi alikuwa wa mwisho. Baada ya Pasaka aliniomba chaki, akaenda kwenye tablo bila kuitwa, akafundisha wenzake sehemu za namba vizuri kuliko mimi. Mwisho wa mwaka, mwezi wa sita, alikuwa wa kwanza. Mama yake alikuja na poda kidogo ndani ya karatasi, akampaka mutoto kichwa na mabega mpaka akawa mweupe, namna tunavyoshangilia aliyeshinda. Halafu akanikamata mukono na kuniuliza jina langu. Si lako, Baba. Langu. Nilijisikia mutu.

Na pale njo nilifanya kosa. Kwa buletini ya Daniella, hiyo moja tu, niliandika jina langu na sinyatire yangu. Ilikuwa kiburi, sikatai.

Mwezi wa nane Nyiramahirwe alienda kumuandikisha mutoto kwenye masomo ya sekondari. Sekretere akachukua listi ya walimu, akapita na kidole kutoka juu mpaka chini, halafu akamuuliza mbele ya wazazi wote: "Huyu Kahindo Charline ni nani?" Wakasema ni buletini ya kununua, kama zile zinazouzwa sokoni tangu vita ilianza, wakaishika. Alirudi kambini na haya, hakunitafuta hata. Nilijua baada ya siku nane, kwa mutoto wa jirani yake.

Nilikimbia kwa Bagalwa. Akasema ni kitu kidogo, nitengeneze ingine na jina lako. Nilikaa na kalamu mkononi, Baba, na mukono ukakataa. Niliona haya kumpelekea yule mama karatasi ya pili yenye jina lingine. Mimi sasa nilikuwa muongo wa namna gani?

Wiki ile ile wakatangaza kontroli. Kila mwalimu asimame mwenyewe mbele ya inspekta na karata yake ya utambulisho, na kiti kisicho na mutu kiandikwe wazi. Nilikupigia. Nilikuomba urudi hata kwa siku tatu, upitie Kabale mpaka Rwanda, watu wanafika hivyo. Ulinijibu kama jina lako linakaribia kutangazwa kwenye listi ya wakimbizi wa kwenda Canada, kwa hiyo huwezi kuondoka kambini, nitafute kwa hospitali karatasi ya kusema uko mugonjwa. Nilikuuliza: ukipata Canada, na hiki kiti je? Ukasema kitunze tu, hakuna anayejua kesho. Nilisema sawa, nikakata simu. Lakini mutu mumoja hawezi kukalia viti viwili, na mwingine amesimama miaka miwili katikati.

Karatasi niliitafuta. Niliipata, na muhuri. Ilikuwa ndani ya sakoshi yangu asubuhi ya kontroli, nimepiga foleni nayo. Inspekta hakuinua hata macho, aliuliza tu:

"Mwaka wa sita, mwalimu ni nani?"

Nikasema: "Ni mimi."

Bagalwa alikohoa. Inspekta akaomba diploma, nikatoa ile uliyonilipia, akaandika Kahindo Charline na akapiga mustari juu ya jina lako. Haikuchukua dakika mbili. Nilifika nyumbani na nikamuambia Mama Marcelline yote, uso kwa uso. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na bakuli yangu anaiweka chini. Ni haki yake. Mwezi nikilipwa nitampa za chakula cha watoto, sitawaacha walale njaa. Mshahara wote, hapana.

Sitakuomba musamaha kwa kiti. Musamaha ninaomba kwa Daniella. Kesho yake nilimtengenezea buletini mupya, jina langu, muhuri wa Bagalwa, hakuna sekretere wa kuikataa. Nikaipeleka kambini. Bomu lilikuwa limeanguka karibu, siku mbili kabla, na watu wa upande ule wote walikuwa wameondoka. Hema yao, hakuna hata kamba. Jirani aliyebaki anasema walienda Minova, mwingine anasema hapana, walirudi Rutshuru. Nimeuliza kwenye kambi mbili zingine na kwa parokia. Buletini bado iko na mimi.

Salimia Luc na wote wa kwetu munaoishi nao pale. Jephté anakusalimia, yeye bado hajakasirika. Mungu akulinde na akufungulie hiyo njia ya Canada, ninaomba kwa moyo, si kwa kejeli. Lakini pale kambini kuna watu wa Rutshuru wanafika kila siku. Ukiona mama anaitwa Nyiramahirwe, na musichana wa miaka kumi na mine pembeni yake, usimuambie wewe ni mwalimu wa Murara. Muambie tu kwamba unanijua.

Mutoto wako anayekupenda na aliyekukosea,

Kahindo Charline
Mwalimu wa mwaka wa sita