Simu ya Kabatini

Jumatatu, 3 Novemba

Keshokutwa saa sita mchana wahakiki wanafunguliwa midomo. Wamepewa mchezo wetu wa kompyuta wiki mbili kabla — wacheze, waandike, wanyamaze mpaka saa hiyo. Ofisini hakuna anayekula. Bosi anazunguka korido nzima akijifanya anatafuta chaja.

Sehemu ya kwanza walitupiga vibaya. "Mji mzuri, watu wa mbao." Bosi aliuprinti mstari ule akaubandika juu ya mashine ya kahawa, na miaka mitatu tumekunywa kahawa tukiutazama. Ndiyo maana niliajiriwa mimi. Mchezaji ni mdukuzi, anazurura mji mzima, anamwelekezea simu yake mtu yeyote barabarani, na kwenye kioo inatokea siri ya mtu yule. Siri hizo nimeziandika mimi. Elfu moja mia moja na arobaini! Muuza viatu anayeogopa njiwa. Nesi aliyefeli mtihani wa udereva mara sita. Nawajua wote. Jirani yangu wa juu namjua kwa sauti ya ndala zake tu.

Jumatano, 5 Novemba

Saa sita na dakika moja. Tisa kwa kumi! Nane na nusu! Tisa tena! Mmoja katupa sita, analalamika kwamba kuendesha gari mle ndani ni kama kusukuma kabati. Kweli kabisa, hatumbishii. Watu walirukaruka. Miwani, fundi wetu wa programu, alinikumbatia akaniachia haraka kama aliyeshika pasi ya moto.

Wote wanawataja wapita njia. "Safari hii mji una roho." Roho yenyewe ndiyo mimi, jamani! Jina langu hakuna aliyelitaja, lakini haya.

Nilifika nyumbani na furaha yangu, nikakosa pa kuiweka. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Alhamisi, 6 Novemba

Kisu kaandika. Ndivyo tunavyomwita yule mhakiki anayeogopwa kuliko wote — watu wa mbao lilikuwa neno lake. Katupa tisa na nusu. Bosi alilia mbele za watu bila aibu. Mimi nilikuwa nacheka, mpaka nilipofika aya ya mwisho.

Aya nzima ni ya mtu mmoja. "Fundi cherehani mstaafu, miaka 71. Kila siku saa nne asubuhi hupiga namba moja. Simu huita ndani ya kabati lake mwenyewe." Kisu anasema alimfuata mzee yule mitaa mitatu, akasahau kabisa alikuwa anadukua nini. Eti ndiyo sentensi bora aliyoisoma mwaka huu.

Niliufunga ukurasa.

Ni Baba. Naandika hapa kwa sababu pengine pote siwezi kusema. Mama alipofariki, Baba hakuifunga simu ya Mama. Anaichaji, anaitia salio, kaiweka kabatini katikati ya nguo za Mama. Miaka yote Mama alikuwa akimpigia dukani saa nne kumuuliza kama keshakunywa chai, maana Baba akishika nguo ya mtu husahau tumbo. Sasa yeye ndiye anayempigia. Niligundua mwaka jana, nilikuwa natafuta shuka. Kabati likaita! Nikageuka, Baba kasimama mlangoni, simu sikioni. Akaniambia hili liishie humu ndani, mwanangu, hata dada yako asilijue. Nikaapa.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nimebakiza mistari arobaini, kesho yake ndiyo mwisho, kichwa kitupu. Nikauandika. Nikajiambia, mmoja kati ya elfu na zaidi, nani atamwona? Sikubadilisha hata kazi yake. Sikubadilisha hata saa! Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Novemba

Mchezo umeingia sokoni usiku, na wachezaji wote wameshamjua fundi. Mle mchezoni ikifika saa nne, wachezaji wanajazana chini ya dirisha la fundi kusikiliza simu ikiita. Wanaweka silaha chini. Wanapiga picha. Kuna aliyeandika kwamba amempigia baba yake baada ya miaka mitano ya kununiana. Nikasoma, nikalia, nikajichukia.

Najipa moyo hivi: Baba hachezi michezo, hana intaneti, magazeti kaacha tangu macho yalegee. Anayo redio tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempigia. Goti lake halijambo. Bomba la jikoni linavuja. Aliniuliza mbona nahema. Nikasema nimepanda ngazi. Nilikuwa nimekaa kitandani.

Nilitaka kumwambia. Nikaanza, "Baba..." Akasema, naam? Nikamwambia anunue mpira wa bomba.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku hii ifutwe kwenye kalenda.

Kwanza Bosi. Wachezaji elfu sitini wameweka saini: simu ya kabatini ipokelewe, hata mara moja tu. Anataka iwe kwenye apdeti, toleo jipya la mchezo. Mke wa fundi apokee, aseme neno, sekunde kumi zinatosha. Niandike mimi, mwisho Ijumaa. Eti mimi ndiye ninayemjua. Wote wakapiga makofi. Nikatabasamu kama zuzu.

Halafu Miwani akaniletea kahawa na habari njema. Asubuhi akiwa njiani kaisikia redioni! Mtangazaji kaisimulia habari ya fundi wetu, wasikilizaji wakapiga simu wakilia. Nikamuuliza redio ipi. Akaitaja.

Ndiyo hiyo hiyo. Baba huifungua kabla hajafungua dirisha.

Jumanne, 11 Novemba

Hapokei. Mara nane.

Saa nne kamili nilijificha chooni ofisini nikapiga namba ya Mama. Sijawahi kuipiga tangu msiba. Nilitaka iite tu, nijue hakuna kilichobadilika. Haipatikani. Kaizima!

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Mimi nimekiponza kichwa cha mwenzangu, na sikufungua hata mdomo. Nilibonyeza vitufe tu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeomba ruhusa, nimekuja kwake. Kanifungulia mlango, kaitikia salamu, karudi kushona kifungo. Redio imezimwa. Nyumba hii sijawahi kuisikia kimya hivi.

Nilikaa. Nikaangalia sindano. Mwisho yeye ndiye aliyeanza, bila kuinua macho. Kasema amejisikia redioni. Mtangazaji alikuwa akimwonea huruma, na mwanamke mmoja kasema huyo mzee kachanganyikiwa, watoto wake wako wapi?

"Nilidhani nimeiweka kwako," kasema. "Kumbe nimeianika barabarani."

Nikapiga magoti. Nikamwambia nisamehe, Baba, nilichoka, nilikuwa na haraka, sikufikiri. Maneno mengi, hata moja halikusimama. Akaniambia niinuke, sakafu ni baridi. Hakusema kama kanisamehe.

Wakati wa kula ndipo aliponiuliza. Huyo mzee wenu wa kwenye mchezo, kuna siku anapokelewa? Nikaona bora niseme yote. Nikamweleza saini, apdeti, Ijumaa, na kwamba nikikataa Bosi atampa mwingine aandike. Akatafuna polepole.

"Na akipokea, atasema nini?"

Nikasema sijui. Mara tatu nimeanza, mara tatu nimefuta. Kila ninaloandika ni maneno ya msiba, na Mama hakuwa mtu wa maneno ya msiba.

Akasema, "Basi usimpe mwingine." Akaenda kulala na mlango wake wazi.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandikia mezani kwake. Saa nne kasoro kidogo. Bomba bado linatona — hakununua ule mpira.

Asubuhi nilisikia kabati likifunguliwa. Kaja na simu ya Mama, ile ndogo iliyopasuka pembeni, kaifuta kwa kipande cha kitambaa cha suti. Kaichomeka kwenye chaji. Nimechemsha chai, nimemmiminia. Katia sukari, kakoroga, kaiacha.

Sasa kaichomoa ile simu na kuiweka mbele yangu, kando kabisa ya daftari hili. Nimemwita Baba. Kajifanya hakusikia. Kachukua simu yake, kahamia kiti cha dirishani, kavaa miwani, anabonyeza namba moja moja, kama vile haijui kwa moyo.

Inaita.

Inatetemeka mpaka kalamu inayumba. Kwenye kioo limetokea jina ambalo Mama alimwandikia: Fundi Wangu. Baba kaweka simu sikioni na ananiangalia mimi, si kabati. Midomo yake imefunguka kidogo.

Mara ya tatu inaita. Chai yake iko pale pale, hajaigusa, na saa nne Mama alikuwa na swali moja tu.