Picha Ambayo Haikufunikwa

Yamumbi, Eldoret
9 Desemba 1984

Mwanangu Mwihaki,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Nyumba imenyamaza tangu baba yako akufukuze ukiwa na mimba.

Jana nilikuwa nikibandika magazeti mapya ukutani kwa uji wa unga, vile tunafanya kila Krismasi. Nikafikia ule ukurasa wa zamani wa Wazungu, watoto wamepanda farasi wa mbao wanaozunguka, kando yake tangazo la friji. Ukiwa mdogo ulisema utahamia huko.

Baba yako akanishika mkono. "Hiyo usifunike."

"Kwani ni ya nani?"

Akatoka kumpa ng'ombe nyasi, na ng'ombe alikuwa ameshiba.

Jina lako bado hajalitaja. Lakini njoo na mtoto. Mlango nitafungua mimi.

Mama yako anayekuombea,
Waithira