Mjomba Hajambo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umetulia na mama ameacha kukohoa. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sina.

Barua yako nimeipata. Unasema mdogo wangu amemaliza chuo, nimfanyie mpango huku stoo ya dawa ya hospitali, maana sasa na sisi tuna mtu ndani. Nilicheka peke yangu katikati ya maboksi, kisha nikalia.

Nilikuambia kwamba kazi hii niliipata bila kujuana na mtu, ukatembea mtaa mzima kifua mbele. Ukweli ni huu. Siku ile meneja aliponiona mlangoni na bahasha yangu, alisimama, akanivutia kiti, akaniuliza kama nimefika salama. Vyeti hata hakuvifungua. Akauliza mjomba hajambo. Wajomba ninao, tena wanne, nikajibu hajambo. Akasema nianze kesho yake.

Wiki haijaisha nikajua kwamba mwenyekiti wa bodi alikuwa amepiga simu kuwa binti wa dada yake atakuja. Mimi nikamtangulia. Nikanyamaza, Baba. Nikajipa moyo kwamba nitachapa kazi mpaka isiwe na maana mimi ni wa nani. Stoo nimeipanga upya, dawa inayokaribia kuisha muda hutoka kwanza, na wauguzi wakikwama wananifuata mimi moja kwa moja.

Juzi binti mwenyewe akafika. Muda wote huo alikuwa mgonjwa, na mjomba wake hakufuatilia. Meneja aliniita, wala hakuwa na hasira. Alisema kazi yangu haina dosari, ila kama ningemwambia mapema kuwa sina mtu, asingeaibika mbele ya mwenyekiti. Nimfundishe mwenzangu hadi mwisho wa mwezi, kisha nirudishe funguo.

Si mtu mbaya huyu binti. Ananiita dada, ananiletea chai. Leo tukihesabu chupa aliniuliza kwa upole mimi nililetwa hapa na nani. Nikaendelea kuhesabu, maana aliyenileta ni yeye.

Mdogo wangu asipande gari. Nimechoka, Baba, na sijui mlango mwingine wa kubisha. Mama usimwambie kwanza. Majirani nao usiwasahihishe, waache waendelee kuamini kwamba inawezekana. Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi binti yako,
wa stoo hadi mwisho wa mwezi.