Mabenchi Hayajawahi Kukosa Ibada

Chumba cha kushonea,
Nyumbani.
Ijumaa, tarehe 7 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Sauti yangu ilipotea Jumanne ya tarehe 14 Januari, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nikiwa juu ya meza ya upasuaji. Walitoa uvimbe wa shingoni, na sauti ikaondoka nao. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, kwa sababu ulipopata habari ulinitumia ujumbe huu: "Pole dada, Mungu mwema." Maneno manne. Nimeyahesabu. Mtu niliyembeba mgongoni miaka miwili mizima ananipa maneno manne!

Haya, sasa salamu. Bwana Yesu asifiwe. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Yule mtoto wenu mkubwa, mguu umepona? Na mgongo wako bado unakusumbua, au umeacha kubeba mizigo kama nilivyokukataza? Sisi huku ni wazima. Kidonda kimefunga vizuri, kimebaki kistari kama mshono wa kola. Cherehani zangu sita zote zinafanya kazi, na mafundi wangu wamejifunza kunielewa kwa makofi: kofi moja njoo, mawili acha unachofanya, matatu umeharibu kitambaa cha mteja.

Nimebaki na mnong'ono tu. Nilikupigia simu mara tatu, kila mara unasikia pumzi, unakata. Sijui ulidhani ni tapeli gani. Ndiyo maana nakuandikia.

Unajua nimeongoza nyimbo kwenye kwaya miaka ishirini na miwili. Jumapili ya pili tu baada ya upasuaji, mwalimu wa kwaya alikuwa ameshamsimamisha mwingine mahali pangu, na joho langu, nililolishona kwa mikono hii, wakalipunguza kiunoni ili limtoshe. Walilipunguza vibaya. Sitaki kulizungumza.

Nilikaa nyumbani Jumapili kumi na moja. Niliporudi, tarehe 6 Aprili, mzee mmoja wa kanisa alinipa mkono huku anacheka: "Ah, dada, naona leo umewahi!" Nimewahi! Kama vile kila wiki nilikuwapo, ila huwa nachelewa.

Nikamfuata Kaka Jumla. Unamkumbuka, yule mhudumu wa mlangoni mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, anayeandika idadi ya waliohudhuria. Nikamwomba daftari lake. Tarehe 19 Januari, 240. Tarehe 26, 240. Nikafunua zote kumi na moja: 240. Na siku hiyo niliyorudi, wino haujakauka: 240.

"Kaka," nikamnong'oneza, "sipo, mko 240. Nipo, mko 240. Kwa hiyo mimi ni sifuri?"

"Dada, usilichukulie hivyo. Mabenchi ni arobaini, kila benchi watu sita. Sita mara arobaini..."

"Unahesabu mabenchi."

"Ndivyo tulivyohesabu mwaka wa kwanza wa jengo hili, tulipojaa pomoni."

"Hongera, basi. Mabenchi hayajawahi kukosa ibada."

Alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akafunga daftari.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa mchungaji. Nisijisifu: nilikwenda kulalamika, sikwenda kutafuta utumishi. Alinisikiliza ameinama, sikio karibu na mdomo wangu, mpaka nikamaliza yote, pamoja na ya joho. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaniwekea kiganjani. "Dada," akasema, "aliyeliona ndiye wa kulifanya. Anza Jumapili ijayo."

Nikaanza. Vichwa, si mabenchi. Watu 171. Mdogo wangu, 240 toa 171 ni 69! Benchi moja watu watatu, jingine wawili na begi, na sisi tunaimba kana kwamba tumejaa.

Sasa, unajua watu wa kanisa walivyo, kila mtu na mahali pake, ukimkalia anakutazama mpaka amina ya mwisho. Nikatumia hilo. Wiki tatu nilipita benchi kwa benchi nikiuliza: "Hapa alikuwa anakaa nani?" Nikapata majina 58. Waliobaki, kumi na mmoja, hakuna aliyewakumbuka hata sura. Walikaa nasi, waliomba nasi, wakatoka. Hao ndio walionitoa machozi.

Nilipofika benchi la tisa, upande wa dirishani, mama mmoja alinishangaa. "Hapa unaniuliza mimi? Si alikuwa mdogo wako?"

Nilikaa chini palepale.

Jumatatu nikaomba madaftari ya zamani. Nikarudi nyuma miaka saba, mpaka mwezi ule kiwanda kilipokupunguza kazini, ukaona haya kutoka nje, ukakosa ibada Jumapili tano mfululizo. Nakumbuka ulivyoniambia jikoni kwangu: "Dada, wiki tano hakuna aliyeniulizia. Hata wewe." Nami nikakujibu, sufuria mkononi: "Mtu mzima na ndevu zako unasubiri kutafutwa kama mbuzi?" Mwezi ule ule ukahama mji. Miaka saba nimekuwa nikisema wewe ndiye uliyeacha kanisa na ukatuacha na sisi.

Daftari linasema 240. Mara tano. Naandika hili mara moja tu, kwa hiyo lisome polepole: wewe ulikuwa sahihi, na mimi nilikosea. Nilikuwa mbele kabisa kwenye jukwaa la kwaya, nimewatazama watu wote usoni, nikaimba, na sikuona kwamba ndugu yangu wa tumbo moja hayupo.

Hiyo ndiyo huzuni yangu yote, nimeitua. Yanayofuata ni furaha.

Katika wale 58, wanne wamefariki, tisa wamehama mji, wewe ukiwamo. Waliobaki 45 wapo hapa hapa, wengine hatua mia tatu tu kutoka kanisani. Nikapanga kuwatembelea kila Jumamosi mchana nikishafunga duka. Jumamosi ya kwanza nikamkuta Kaka Jumla amesimama mlangoni kwangu, kapiga pasi. "Kosa ni langu, dada. Twende wote." Nikamkubali kwa sababu ana koo. Kwenye nyumba ya kwanza alibisha hodi kwa sauti ile, watu wakatoka na ndoo za maji wakidhani kuna moto. Nikamwambia, "Kaka, kondoo tunawatafuta, hatuwafukuzi."

Tangu hapo yeye anabisha, mimi nazungumza. Nikagundua kitu: mtu ninayemnong'oneza hana budi kusogea ili anisikie, na akishasogea karibu hivyo, anaanza kusema ya kwake. Miaka ishirini na miwili ya kuimba hakuna aliyewahi kunisogelea.

Wa nne alikuwa dobi, yule aliyekuwa akifua majoho ya kwaya. Kumbe alikatwa mguu mmoja miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya kisukari, na sisi tulidhani amehamia kanisa jingine. "Kanisa halikunifukuza," alituambia, ameshika magurudumu ya kiti chake. "Zile ngazi saba ndizo zilizonifukuza."

Tepu ya kupimia haikosi shingoni mwangu. Nikaenda nikapima: ngazi saba, kila moja sentimita 18, jumla 126. Ili mtu mwenye kiti apande mwenyewe njia ya mteremko badala ya ngazi, kila sentimita moja ya kwenda juu inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Mita kumi na tano na kidogo. Kamati ya ujenzi ikasema mita nne zinatosha. Nikawauliza, "Mnamtengenezea njia au mnamtupa?" Kaka Jumla akalirudia swali kwa sauti yake, wakasikia mpaka barabarani. Mita kumi na tano zikapita.

Na nani aliijenga? Mwashi alikuwa namba 31 kwenye orodha yangu, alikuwa ameona aibu kurudi baada ya kuachana na mkewe. Aliyechomelea vyuma vya kushikilia alikuwa namba 12. Hatukuwahubiria. Tulisema tuna kazi na hatuna fundi. Jumamosi sita, sementi mpaka kwenye nyusi, mimi nikishika tepu na kupiga makofi matatu kila walipokosea.

Jumapili ya tarehe 24 Agosti, dobi akaja. Shati jeupe kama karatasi. Watu wakajipanga pande zote mbili za ile njia, vijana wawili wakakimbilia kumsukuma. "Asiniguse mtu!" akasema. Akapanda mwenyewe kwa mikono yake, taratibu, akapumzika kwenye kona, akapanda tena. Gurudumu la mwisho lilipoingia mlangoni, Kaka Jumla akainua daftari na kupaza sauti: "Mia moja tisini na nane!" Kanisa lilipasuka kwa shangwe. Mwanamume mzima yule alikuwa analia hadi kalamu ikamdondoka.

Mimi nikafungua mdomo nipige Haleluya yangu ya zamani, ile ya juu kabisa. Ukatoka upepo mtupu. Dobi akageuka akanitazama. "Nimekusikia, dada," akasema.

Mdogo wangu, katika miaka yote ya kwaya sijaimba kama nilivyoimba siku ile.

Mpaka sasa, katika wale 45, waliorudi ni 36. Sita hawawezi kutoka nyumbani, tunakwenda kwao sisi. Watatu wametufungia mlango, tutarudi Desemba. Wageni wapya 12. Jumapili iliyopita tulikuwa 219. Si 240, lakini hii 219 ina pumzi. Mwalimu wa kwaya naye amekuja kuniomba nirudi niwafundishe vijana. Nimemwambia Jumamosi zangu zimejaa. La joho bado linaniuma, usidhani nimekuwa malaika.

Nisalimie wifi, mwambie gauni lake liko tayari. Wabusu watoto. Mjomba wetu anakusalimu, bado mbishi. Dobi anakusalimu. Kaka Jumla anasema ana deni lako la Jumapili tano na hajui atalilipaje. Bwana akulinde wewe na mlango wako, uingiapo na utokapo.

Sasa nisikilize. Jumapili ya tarehe 30 mchungaji amenipa dakika kumi za ushuhuda. Nitanong'ona, Kaka Jumla atarudia kwa sauti, sentensi kwa sentensi, na nitasema nilichokujibu jikoni siku ile. Sitaki kukuomba radhi mbele ya kanisa zima huku niliyemkosea hayupo. Benchi la tisa lina watu watano. Nafasi ya dirishani iko wazi. Basi linaondoka huko kwenu Ijumaa alfajiri, nimeuliza, na kitanda cha chumba cha nyuma nimeshatandika.

Unakuja au huji? Sitaki "tutaona". Sitaki "Mungu akipenda", ameshapenda. Nataka "ndiyo" au "hapana", inifikie kabla ya Alhamisi tarehe 20, saa kumi na mbili jioni. Neno moja tu. Umeshawahi kunipa manne.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
na ninayekuhesabu.