Maneno ya Kahindo Niliyoyazuia

Mama Généreuse mpendwa wa safu ya ushauri, nisaidie upesi, kwani moyo wangu umechoka na madaktari hawanifichi tena. Mimi ni muuguzi mstaafu, zamani nilikuwa mkalimani wa madaktari wazungu hospitalini kwetu hapa Goma, maana ni mimi peke yangu niliyejua Kiingereza, na siku moja mmoja wao, mbele ya mama aliyeungua mgongo, akasema watu weusi hawasikii maumivu kama wazungu, apewe kidonge tu, na muuguzi mwenzangu, dada Kahindo, akapinga, "Mwambie munganga anakosea, huyu mama anateseka!", nami kwa kuogopea kazi yangu nikamwambia mzungu, "Anasema asante," kisha nikamgeukia Kahindo, "Amekataa." Yule mama alilia siku tatu.

Sasa nimelazwa hospitali hiyohiyo, na wiki iliyopita daktari kijana mgeni akasema maneno yaleyale juu ya jirani yangu aliyevunjika mguu, nami nikajiinua kitandani nikamjibu kwa Kiingereza, "Huyu anaumia kama vile mama yako angeumia. Mpe dawa!", kisha nikawatafsiria wodi nzima bila kuacha neno. Daktari akaona haya, akaomba radhi, sindano ikaletwa. Makofi! Wagonjwa wakapaza sauti, "Muzee, kumbe ungali na meno!" Na aliyekuja kunishika mkono ni Kahindo, leo mkuu wa wauguzi. Akasema, "Papa, tangu siku ile nilidhani sijui kusema. Leo umetusemea wote."

Je, nife na sifa hii, au nimwambie?

Muzee wa Mapendo

*

Papa, pole kwa ugonjwa, na hongera. Jirani yako amepata usingizi kwa sababu yako, na ushindi huo hakuna wa kukunyang'anya. Lakini kweli huoni aibu hata kidogo? Kahindo amebeba kosa lako miaka yote akidhani ni udhaifu wake, nawe umelala hapo unapokea asante yake!

Mwite kesho asubuhi, wauguzi wanapopokezana zamu, wote wasikie. Mwambie alisema vizuri na kwa ujasiri, ila mzungu hakupata hata neno moja, kwa sababu yako. Vijana wanaotafsiri leo waahidi mbele yake kwamba hawatameza maneno ya mwenzao. Usidai msamaha, huo ni wake, atautoa akitaka.

Akikukaripia, usijitetee, pokea. Na yule daktari kijana akiuliza Kahindo anasema nini, Papa, mtafsirie yote.